Paka amenusurika mafuriko, lakini hataki kula wala kutoka mafichoni

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mafuriko yalituingilia usiku, tukakimbia na watoto na nguo tulizovaa. Tulikuwa na paka wawili, jike wa miaka minne na dume wa miaka miwili. Sikuweza kuwashika. Tulirudi siku ya saba. Jike tulimkuta darini juu ya boriti, amekonda, manyoya yamegandamana na tope. Leo ni siku ya tatu tangu tumshushe. Amejibana nyuma ya kabati, hatoi sauti, hagusi chakula, maji anayalamba kidogo usiku. Nikimsogelea ananifokea kama hanijui, na jana alimparura mwanangu mkononi hadi damu ikatoka. Dume hajaonekana. Jirani mmoja anasema paka ana roho ngumu, nimpe maziwa nimwache atulie. Mwingine anasema nimwogeshe kwa dawa ya kuua vijidudu na nimpe nusu kidonge cha maumivu. Na usiku paka wasio na wenyewe wanalia kwenye vifusi. Najiona nimewasaliti wote. Nianzie wapi?"

Pole sana kwa yaliyowafika. Umeniuliza mambo manne kwa pamoja: jike asiyekula, mtoto aliyeparurwa, dume asiyeonekana na paka wa vifusini. Yote nitayajibu, lakini hayana uzito mmoja. Mawili ya kwanza hayasubiri kesho.

Mtoto kwanza. Hata kama jeraha ni la jana na linaonekana dogo, lioshe sasa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha mpeleke kituo cha afya leo. Waeleze kwamba paka alipotea kwa wiki nzima wakati wa mafuriko na hukuona alikutana na nani. Wao ndio watakaoamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Sisemi paka wako ana kichaa. Paka mwenye hofu huparura, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Ila ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua, kwa hiyo haukisiwi kwa macho. Paka naye aangaliwe kwa siku 10, na watoto wasimkaribie.

Sasa jike. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Ikishindikana kabisa, iwe kesho asubuhi. Nitakueleza kwa nini nina haraka kiasi hicho, maana ushauri wa jirani wa kumwacha atulie ndio unaowaua wengi.

Tunasema mtu fulani ana roho ya paka, tukimaanisha hafi kirahisi. Msemo huo una ukweli wake, kwani paka huruka, hupanda na hujipenyeza pale ambapo mbwa angezama. Lakini paka ni mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa na wakubwa zaidi. Kwa maumbile yake, akiumwa hujificha na kunyamaza, kwa sababu mnyama mdogo anayeonyesha udhaifu huliwa. Ukimya wake nyuma ya kabati usiusome kama utulivu.

Miaka ya mwanzo ya kazi hii nililetewa paka mnene wa kijivu, siku ya tano baada ya nyumba ya mwenye naye kuingiliwa na maji. Yule mama alikuwa na furaha. "Huyu hana shida, daktari, ametulia tu," akaniambia. Paka alikuwa amekunja miguu yote minne chini ya tumbo, kichwa kimeinama, macho yamefumba nusu. Nilipoinua mdomo wa juu, fizi zilikuwa za manjano. Nikageuza sikio nitazame ndani, nako manjano. Siku zote tano hakuwa amekula kitu. Alipona, ila alilishwa kwa mrija shingoni kwa zaidi ya mwezi.

Kilichompata ndicho ninachokihofia kwa wako. Mwili wa paka umeumbwa kuendeshwa na nyama, yaani protini na mafuta, kila siku. Chakula kikikosekana, mwili huyeyusha mafuta yaliyohifadhiwa na kuyapeleka kwenye ini yageuzwe nguvu. Mbwa na binadamu hufanya hivyo hivyo, lakini ini la paka huzidiwa upesi. Ili liyatoe mafuta hayo tena kwenye damu linahitaji protini ya kuyabebea, na protini ndiyo iliyokosekana. Basi mafuta huingia bila kutoka, seli za ini hujaa, nyongo hushindwa kupita, na ndipo umanjano unapotokea. Ini likiugua hivyo paka hujisikia kichefuchefu, na mwenye kichefuchefu hali. Asipokula, mafuta mengine yanakuja. Mzunguko huo unaweza kuanza baada ya siku mbili au tatu tu za njaa, na paka aliyekuwa mnene kabla ya janga ndiye aliye hatarini zaidi. Kwa hiyo usifarijike ukisema alikuwa na akiba mwilini.

Jike wako ana siku tatu ambazo una hakika hakula, na nyuma yake siku saba ambazo hujui alikula nini darini. Labda alipata panya au mijusi. Labda hakupata chochote.

Wakati unatafuta usafiri, kuna mambo machache unayoweza kuyatazama mwenyewe, mradi akuruhusu. Inua mdomo wake kidogo, bonyeza fizi kwa kidole, uachie. Mahali ulipobonyeza patakuwa peupe, kisha parudi waridi ndani ya sekunde mbili. Pakichelewa, au fizi zikiwa nyeupe, za manjano, za buluu au za kahawia, hilo ni jambo la saa, si la siku. Fizi zikinata kidole badala ya kuteleza, mwili umekaukiwa maji. Shika masikio na nyayo: zikiwa baridi sana, mpashe joto kabla ya kumpa chakula, kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa karibu naye, isimguse ngozi. Joto la kawaida la paka ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi, juu kidogo ya letu, kwa hiyo paka unayemhisi "wa kawaida" mkononi huenda tayari amepoa. Utumbo wa mnyama aliyepoa haufanyi kazi sawasawa, na chakula ukimpa kitakaa tu tumboni.

Na sikiliza pumzi yake. Paka akihema huku mdomo uko wazi, usingoje kuangalia kitu kingine chochote. Maji machafu yaliyoingia mapafuni yanaweza kuleta nimonia siku kadhaa baada ya mnyama kutoka majini, wakati kila mtu ameshashukuru kwamba amepona.

Akionyesha hamu ya kula njiani au nyumbani, usifurahi ukamjazia sahani. Hapa wenye huruma nyingi hukosea kuliko wengine. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu huwa umepungukiwa na madini ya fosforasi na potasiamu. Chakula kingi kikiingia ghafla, sukari ya damu hupanda, insulini hutoka, na insulini huyasukuma madini yale machache yaliyobaki kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Damu inabaki haina, misuli inalegea, moyo unaanza kudunda ovyo, na chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Mnyama aliyestahimili njaa wiki nzima anakufa siku ya pili ya kushiba. Kwa hiyo siku ya kwanza mpe kama robo ya chakula chake cha kawaida cha siku nzima, ukikigawa kidogo kidogo, kijiko cha chai kila baada ya saa mbili au tatu, kisha uongeze polepole kwa siku tatu hadi tano. Kiwe chakula laini chenye harufu, kimepashwa hadi uvuguvugu, kwa sababu paka hula kwa pua kabla ya ulimi.

Asipotaka, usimshike kwa nguvu na kumsukumia chakula kwa bomba la sindano. Kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Hata kisipoingia, atakichukia chakula hicho na kukuchukia wewe uliyekishika. Akijilamba midomo, akitokwa na mate au akigeuza uso ukisogeza sahani, hiyo si jeuri, ni kichefuchefu. Daktari ana dawa ya kukituliza na dawa ya kufungua hamu ya kula, na hali ikiwa mbaya atapitisha mrija mwembamba puani au shingoni. Mrija unatisha kuutazama, najua. Lakini paka wengi wenye ini lililojaa mafuta hupona kwa sababu yake, na mara nyingi mwenyewe hufundishwa kumlishia nyumbani.

Nije kwenye ushauri wa majirani. Maziwa usimpe. Paka wengi wazima hawana tena uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Atahara, na maji machache aliyobakiwa nayo yatakwenda na kuhara huko. Kidonge cha maumivu ni hatari zaidi. Ini la paka limepungukiwa na kimeng'enya ambacho ini letu hutumia kuvunja dawa kama parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua: damu yake hushindwa kubeba oksijeni, fizi hugeuka kahawia au buluu, uso na miguu huvimba. Nusu kidonge nayo ni sumu. Ibuprofeni na aspirini za nyumbani nazo usimpe. Maumivu ya paka yana dawa zake, na daktari hupima kwa uzito wake.

Dawa za kuua vijidudu nazo zinagonga ini hilo hilo. Zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikichanganywa na maji, na zile zenye harufu ya lami, mara nyingi zina fenoli, kemikali ambayo ini la paka nalo hushindwa kuivunja. Paka hupakwa juu ya ngozi, kisha anailamba yote. Hata tope lililomkauka nalo halifai kulambwa, kwa kuwa maji ya mafuriko hubeba vinyesi, mafuta ya magari na kemikali zilizosombwa ghalani. Kwa hiyo kumsafisha ni lazima, ila kwa upole: kitambaa kilichoroweshwa maji ya uvuguvugu, ukifuta sehemu kwa sehemu, makucha na chini ya mkia usisahau. Penye mafuta au oili tumia tone la sabuni laini ya kuoshea vyombo, suuza, kausha kabisa. Petroli au mafuta ya taa hayasafishi paka, yanamchoma. Vaa glovu wakati wa kazi hii, kwa sababu mkojo wa panya katika maji hayo unaweza kuwa na vijidudu vya leptospirosisi, ambayo wengine wanaiita homa ya mgunda, nayo hupitia michubuko ya ngozi yako wewe. Na kama kumfuta kutamtia hofu zaidi, liache hilo kwa daktari.

Sasa lile lililokuumiza moyo: kwamba anakufokea kama hakujui. Nakuomba ulipokee hivi. Wewe nyumba yako unaijua kwa macho, lakini paka anaijua yake kwa harufu. Ana tezi mashavuni, kidevuni, ubavuni na kwenye nyayo, na kila anapojisugua kwenye mguu wa meza au kwenye mguu wako anaweka alama inayosema hapa ni kwangu, huyu ni wangu. Mafuriko yamefuta alama zote kwa usiku mmoja na kuacha harufu ya tope na choo kila mahali. Wewe umerudi ukiwa na nguo za watu wengine, sabuni nyingine, moshi wa kambini. Macho yanamwambia ni wewe, pua inakataa, na mnyama aliyekaa na hofu wiki nzima husikiliza pua.

Kwa hiyo akirudi kutoka kwa daktari usimwachie nyumba nzima. Mpe chumba kimoja kidogo kilichokauka, mlango ufungwe. Mwekee boksi la kadibodi lililolazwa ubavu aingie ajifiche. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 nchini Uholanzi uliwalinganisha paka wapya katika makao ya wanyama: waliopewa maboksi ya kujificha walitulia siku kadhaa mapema kuliko waliokosa. Ndani ya boksi weka fulana uliyolala nayo, bila kuifua. Chakula kiwe pembe moja, maji pembe nyingine, sanduku la mchanga mbali na vyote viwili. Kisha ingia ukae chini sakafuni, ubavu ukiwa kwake, usimkazie macho. Akikutazama, fumba macho taratibu ufumbue taratibu. Ni lugha anayoielewa. Dakika kumi, mara nne au tano kwa siku, bila kumshika. Siku atakayotoka na kusugua shavu kwenye goti lako, muache alisugue goti zima kabla hujanyoosha mkono.

Kuhusu kuwasaliti. Maji yalipoingia ulikuwa na mikono miwili na watoto, na ulichagua sawasawa. Si wewe peke yako uliyewekwa kwenye njia panda hiyo. Kimbunga Katrina kilipoipiga Marekani mwaka 2005, watu walilazimishwa kuacha wanyama wao nyuma, na wengine walikataa kuokolewa kwa ajili hiyo hiyo, hadi mwaka 2006 nchi hiyo ikatunga sheria ya kutaka mipango ya dharura iwahesabu pia wanyama wa nyumbani. Siku nyingine, kama kuondoka nao hakuwezekani, usiwafunge wala kuwafungia chumbani. Acha milango ya ndani wazi na njia ya kupanda juu, pamoja na maji na chakula kikavu mahali palipoinuka. Ukipata utulivu, muulize daktari kuhusu chipu, kidude kidogo chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, na hakikisha namba yako ya simu imeandikishwa pamoja na namba ya chipu, maana chipu isiyoandikishwa haimrudishi paka kwa mtu.

Paka wa vifusini usiwakusanye nyumbani. Najua kilio chao usiku kinavyokata maini. Lakini ukiwachanganya na jike wako aliyedhoofika unaweza kumletea panleukopenia, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua, ambao virusi vyake hukaa ndani ya nyumba hadi mwaka na havitishwi na sabuni nyingi. Wapelekee maji safi na chakula huko huko walipo, saa ile ile kila siku, na unawe mikono na kubadili viatu kabla ya kuingia kwa wako. Mwenye jeraha, au anayehema mdomo wazi, watafute wenye vizimba na ujuzi. Ukikuta vitoto, usivinyakue mara moja: huenda mama ametoka kutafuta chakula. Vitazame kwa mbali saa chache, isipokuwa vikiwa vya baridi au maji yanavikaribia. Hapo vichukue, vipashe joto kwanza, maziwa ya paka baadaye, na si ya ng'ombe.

Nimelibakiza la dume kwa sababu ndilo lenye matumaini kuliko unavyodhani. Utafiti mmoja wa mwaka 2018 uliofuatilia paka zaidi ya 1,200 waliopotea ulikuta robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 tu kutoka mahali walipotokea. Mafuriko huweza kumsukuma mbali zaidi, lakini anza karibu. Na usitegemee aitike. Paka mwenye hofu anaweza kukusikia ukimwita mita mbili kutoka alipo na asitoe hata pumzi, kwa sababu ile ile inayomfanya dada yake anyamaze nyuma ya kabati. Kwa hiyo kuita hakutoshi, tafuta kwa macho. Nenda usiku kukiwa kimya, shika tochi usawa wa macho yako, mulika chini ya magari, darini, ndani ya mabomba, nyuma ya mabati yaliyorundikana, utafute macho mawili yanayong'aa. Waombe majirani wakuruhusu uchungulie mwenyewe, wasikujibu tu kwamba hawajamwona. Usiingie jengo lililopasuka wala kukanyaga maji yenye nyaya.

Mahali utakapomshuku, sawazisha tope kwa ubao, weka chakula kidogo katikati, na asubuhi usome nyayo. Alama za mviringo za vidole vinne zisizo na makucha ni za paka. Zikirudi siku mbili mfululizo saa ile ile, tafuta mtego wa kizimba uuweke hapo, na usiuache bila kuuangalia kwa muda mrefu. Baada ya moto mkubwa ulioteketeza mji wa Paradise, California, Novemba 2018, kuna paka walionaswa kwa njia hii miezi kadhaa baadaye wakiwa hai. Usikate tamaa wiki ya kwanza wala ya tatu.

Akipatikana, mkague kama jike: fizi, joto, chakula kidogo kidogo. Ila kwake kuna la ziada. Dume mwenye msongo anaweza kuzibwa mkojo, kwa kuwa njia yake ni nyembamba na kibofu kinachowashwa na hofu huweza kutoa chembechembe zinazoiziba. Hesabu mabonge ya mkojo kwenye mchanga wake kila asubuhi. Akirudi sandukuni mara kwa mara, akachutama na kulia pasipo kutoka kitu, au akawa analamba sehemu hiyo bila kuacha, mbebe usiku huo huo. Paka aliyezibwa kabisa huweza kufa ndani ya siku mbili au tatu, hata kama jioni yake alikula vizuri na kulala mapajani mwako.